Nailoni Chini ya Kifuniko

Mimi ndiye mkosaji, na naomba msinitafutie kisingizio. Kilikuwa kipande cha nailoni nyeusi, hakizidi kiganja, nilikiweka kwa mkono wangu mwenyewe. Nailoni ile imenifanya nishindwe kumtazama rafiki yangu machoni mpaka leo.

Kwetu ni Ihanda, milimani, ila miaka ile nilikuwa nimeshuka bonde la Momba kutafuta maisha. Nilikuwa na pikipiki ya matairi manne, kuukuu, iliyoachwa na mradi mmoja wa kilimo uliofungasha virago. Kule chini magari yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo nikawa mtu wa maana. Nilibeba mahindi, nilibeba wagonjwa, nikajiona waziri.

Kisa kilianza kiangazi. Mpira wa kifuniko cha tangi ulikwisha, petroli ikawa inaruka na kunilowanisha mapaja. Nikafanya kama nilivyowaona madereva wengi wa bodaboda wakifanya: nikakata nailoni, nikaitandika kwenye mdomo wa tangi, nikakaza kifuniko juu yake. Ikaacha kuvuja. Nikajipongeza!

Tangu hapo chombo kikaanza kusita. Kinaondoka vizuri, halafu baada ya mwendo wa nusu saa hivi kinakohoa, kinarukaruka, kinazima. Ukikipumzisha kidogo kinawaka tena, utadhani kilikuwa kinakutania. Nikaosha kabureta. Nikabadilisha plagi. Nikapuliza bomba la mafuta mpaka midomo ikanuka petroli. Wapi!

Kilichonipoteza ni kwamba nikijaza tangi tele, ndiyo kinazima haraka zaidi. Nikaamua kuwa ubaya uko kwenye mafuta, na mafuta nilinunua kwa Mama Tabu, mjane aliyeuza petroli ya ng'ambo ya mpaka kwenye chupa kando ya barabara. Nikamfuata, nikamfokea mbele za watu.

"Unachanganya maji, mama! Unataka kuniua?"

"Baba, bodaboda wote wa hapa wanajaza kwangu," alinijibu polepole. "Mbona unalalamika wewe peke yako?"

Jamani, swali lile lingenitosha kama ningekuwa na masikio! Nilimcheka, nikaondoka.

Sasa sikieni. Nilikuwa na rafiki, Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kule na ng'ombe wake. Tulikuwa tumeshibana. Mkewe, Kabula, alikuwa na mimba ya kwanza, na nesi alishamwonya asijaribu kujifungulia nyumbani. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Mchana mmoja Masanja alinijia mbio, jasho linamtiririka, akasema uchungu umemshika mkewe.

Nilikuwa nimetoka kujaza tangi mpaka juu.

"Hiki chombo chako si kinasita, ndugu yangu? Tutafika kweli?"

"Tutafika," nikamwambia. Nilijua hali ya chombo, na bado nikasema tutafika.

Pale bondeni jua lilikuwa kali, lakini kule milimani kulikuwa kumefunga mawingu, weusi mtupu. Mto ulikuwa mchanga mkavu. Tulishuka mtoni taratibu, Masanja amemshika mkewe kwa nyuma. Tulipofika katikati, kikakohoa. Kikaruka mara mbili, kikazima.

Nikatoa plagi, nikaifuta. Nikapuliza bomba. Nikamtukana Mama Tabu kwa sauti. Kabula aliuma kitambaa, halafu akashindwa, akapiga kelele, "Mayu wane!" Alikuwa anamwita mama yake. Niligundua kuwa ndege wote wa pale walikuwa wamenyamaza. Kisha nikasikia mngurumo kutoka juu ya mto.

"Maji hayo," alisema Masanja.

Nikafungua kifuniko cha tangi ninuse kama mafuta yana maji. Fyuuu! Tangi likavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Ile nailoni ilikuwa imenyonywa ndani, imebonyea kama kitovu. Mungu wangu! Nilielewa palepale. Nilikuwa nimeliziba pumzi tangi langu mwenyewe, na petroli bila hewa nyuma yake haiteremki; tangi likijaa, hewa ni kidogo, inakwisha upesi. Haikuwa kabureta, wala hakuwa Mama Tabu.

Niliing'oa nikaitia mfukoni. Nikawasha. Chombo kikanguruma vizuri ajabu! Lakini maji mekundu yalishatangulia kwenye mkondo wa upande wa zahanati, yanasukuma magogo. Nikageuza, nikatoka mbio kurudi tulikotoka.

Mtoto alizaliwa ukingoni, sisi wanaume wawili tusiojua kitu tukiwa ndio wakunga. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Masanja alimfunika kwa shuka lake.

Halafu akaniuliza, "Ni mafuta ya yule mama, siyo?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeikunja ile nailoni.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mafuta."

Basi! Neno moja tu. Maji yalipopungua, habari ilienea pande zote. Hakuna aliyenunua tena kwa Mama Tabu. Walimwita muuaji, wakavunja chupa zake. Akafunga mizigo, akaondoka na wanawe, na sijui alikoelekea. Nilimwona akipita, nikajifanya nakaza nati.

Chombo nilikiuza, nikarudi Ihanda. Nilidhani yamekwisha.

Wenzangu mnaoendesha vyombo vizee, kikianza kusita fungua kifuniko kwanza, sikiliza tangi lako. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, angalia mkono wako uliweka nini wapi. Ukishajua ukweli, useme siku hiyohiyo, hata kama rafiki yako analia mbele yako. Ukiuchelewesha, utakua mkubwa kukushinda. Mimi umenishinda!

Wiki iliyopita Masanja alipiga simu, anacheka kwa furaha. Kabula amejifungua salama, mtoto wa kiume. Wamempa jina langu, kwa sababu siku ile niliwatoa mtoni.

Wananingoja niende nikambebe.