Alama Thelathini za Mama Akeyo

Mwalimu Bonareri alifundisha ujasiriamali katika chuo kimoja pale Suna, na kila mwanafunzi wake alijua sharti lake. Alama sabini atatoa yeye; thelathini zitatoka kwa watu ambao biashara hiyo inasema inawasaidia. Hapo huombi, hulii.

Mkuu wa idara, Daktari Angwenyi, hakuzipenda alama hizo. "Bonareri, tangu lini muuza omena akasahihisha mtihani?" Akasema siku ya kutoa alama atafuatana na Bonareri na wanafunzi hadi Sori, kando ya ziwa; akikuta ni mchezo, anazifuta. Bonareri alikubali. Miaka sita alikuwa amezitetea.

Ufukweni, Momanyi, mwanafunzi wa maneno mengi ambaye Bonareri alimpenda hata alipomchosha, alisimama kando ya kichanja alichokibuni cha kuanikia samaki. Kilikuwa na miguu ya mbao, na juu yake wavu uliopigiliwa misumari pande zote. Omena, dagaa wa ziwani, za Mama Akeyo, mchuuzi ambaye angempa alama, zilianikwa hapo, mbali na mchanga na kuku. Wanawake wengine walianika chini, juu ya nyavu kuukuu, kama siku zote.

"Mama hainami tena," Momanyi akaeleza. "Tumemwinua kiuchumi."

"Umeniinua hadi mkono haufiki katikati," Mama Akeyo akajibu. Wenzake wakaangua kicheko.

Ndipo mvua ikaja kutoka ziwani bila hodi. Wanawake wakashika nyavu zao pembe nne, wakakunja, hao mbio chini ya bati. Mama Akeyo akavuta pembe yake; misumari ikakataa.

"Mwanangu, sasa nikunje nini?"

Bonareri akavua kitambaa cha kichwa, wakaanza kuchota omena kwa mikono na kuzitia humo. Daktari Angwenyi, suti ikichuruzika, akawa anang'oa misumari kwa ufunguo wa gari.

Chini ya bati, Bonareri akatoa fomu iliyolowa. "Mama, kati ya thelathini, unampa ngapi?"

"Nane. Miguu ni mizuri. Lakini alinipima kimo tu, mvua hakuniuliza."

"Madam, si nitafeli?" Momanyi akanong'ona.

"Utarudi Jumatatu, bila misumari, tuone."

"Na ukipunguze upana," Mama Akeyo akadakia. "Hayo maneno ya kuinua uyaache Suna. Njoo na nyundo."

Bonareri akamgeukia mkuu wake, akingoja. Angwenyi alikuwa akifuta magamba kwenye ufunguo, polepole mno.

"Hiyo fomu," akasema hatimaye, "ina mahali pa sahihi ya mkuu wa idara?"

"Haina, Daktari."

"Paweke."

Bonareri akageuka kutazama ziwa, asije akaonekana anavyotabasamu.