Vidirisha vya Mkaguzi

Waliomfahamu walimwita Bi Lenzi, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alilipata kwa namna yake ya kumtazama mteja: kichwa nyuma kidogo, jicho moja limebanwa, kama mtu anayechunguza lenzi yenye mkwaruzo na ameshajua kwamba haitengenezeki.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa kamera za filamu. Alikaa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya picha, mbele ya taa ya shingo ndefu, akifungua skrubu ambazo mtu akipiga chafya hazionekani tena. Kisha filamu zikapitwa na wakati. Meza yake ikatolewa, chumba kikawa stoo, na yeye akaletwa mbele kwenye kaunta ya vioo auze mikoba, mikanda, lenzi na vidirisha vya kamera za siku hizi, zile nyepesi zisizo na kioo ndani. Mwenye duka alimwambia kwamba amepandishwa cheo. Bi Lenzi alijua kwamba amesimamishwa wima kutwa nzima mbele ya wapumbavu.

Aliwadharau wateja wote, ila hakuwadharau sawasawa. Kulikuwa na wanaochagua mkoba wa kamera kwa kuulinganisha na viatu. Hao aliwauzia harakaharaka, waondoke. Kulikuwa na wanaotaka lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima, na ukiwauliza watapiga nini, wanasema mtoto akila uji. Hao aliwaacha wazungumze mpaka wajisikie wenyewe. Lakini dharau yake nono, ile aliyoitunza kama mtu anavyotunza nguo ya kutokea, ilikuwa ya shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa mdogo wake, alikuwa amestaafu ukaguzi wa shule. Kila mtu alimwita Mkaguzi, hata mkewe, na yeye hakuona ubaya. Wiki ile ile aliyostaafu alinunua kamera na kuchapisha kadi mia mbili zinazomtaja kuwa mpigapicha. Picha alikuwa hajapiga hata moja.

Alianza na mkoba. Wa kwanza ulikuwa wa ngozi, umebana kamera kama soksi mpya, na kuitoa kulihitaji mikono miwili na subira. Akaurudisha. Wa pili ulikuwa wa turubai, wenye mifuko mingi hata akasahau betri ameiweka wapi. Akaurudisha huo pia. Mpaka mwezi wa pili unakwisha alikuwa amemiliki mikoba sita.

Kisha lenzi. Alitaka yenye mdomo mpana, kwa kuwa bwana mmoja kwenye video alisema bila hiyo mtu si mpigapicha.

"Shemeji, hiyo uliyonayo umeshaitumia?" Bi Lenzi alimuuliza.

"Ya nini kutumia kitu ambacho si sahihi?"

"Piga picha kwanza. Piga mlango, piga kuku, piga chochote. Ndipo utajua unapungukiwa na nini."

Mkaguzi alitabasamu kwa huruma, tabasamu ambalo bila shaka walimu wengi waliwahi kulipokea. "Shemeji, mimi sianzi kazi kabla vifaa havijakamilika. Ndiyo maana niliaminiwa."

Bi Lenzi alimfungia lenzi yake kwenye boksi, akamsindikiza kwa macho mpaka barabarani, akarudi kwenye kiti chake ameburudika kabisa.

Vidirisha ndivyo vilivyomkolea. Kamera ya Mkaguzi ilikuwa ndogo, haikuja na mahali pa kuchungulia. Ilibidi anunue kidirisha cha kupachika juu yake, kijidude cha ukubwa wa kiberiti ambacho mtu hukiweka jichoni aone picha kabla hajaipiga. Alinunua cha kwanza, na siku ya tatu akakirudisha.

"Kina ukungu," alisema.

Bi Lenzi alikiweka jichoni. Kilikuwa safi, kinaonyesha mpaka nyufa za ukuta wa jirani. "Umezungusha hiki kigurudumu cha pembeni? Ndicho kinachokilinganisha na jicho lako."

"Nimezungusha mpaka kidole kinauma. Kina ukungu."

Akampa cha pili, cha kampuni nyingine. Kikarudi baada ya miezi mitatu, kina ukungu. Akampa cha tatu, ghali kuliko kamera yenyewe. Kikarudi baada ya wiki mbili, na safari hii Mkaguzi alikuja na karatasi aliyoandika kasoro zake kwa mistari, kama ripoti ya shule isiyo na vyoo.

Mchana huo Bi Lenzi alimpigia simu mdogo wake. "Mumeo anatafuta kidirisha kitakachompigia picha chenyewe," alisema, na wote wawili wakacheka.

"Afadhali anakusumbua wewe," alisema mdogo wake. "Huku nyumbani ni vikombe. Leo kaangusha cha tatu. Anapita mezani kama vile meza ndiyo impishe."

"Cheo hakijamtoka mwilini huyo."

"Hakijamtoka, dada."

Wakaagana wakiwa na furaha. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Wiki iliyofuata Bi Lenzi aliamua kumkomesha. Alikitafuta kile kidirisha cha kwanza kabisa alichokikataa shemeji yake, akakipangusa, akakitia kwenye boksi jipya lenye karatasi za kung'aa, na Mkaguzi alipoingia akamwekea juu ya kaunta kwa heshima zote. "Kimefika jana," alisema. "Ni toleo la mabingwa. Sijamwonyesha mtu."

Mkaguzi alikuwa anaongea na simu, ameibana kati ya sikio na bega la kulia. Hakuikata. Akakipokea kidirisha kwa mkono wa kushoto, akakipachika kwenye kamera, akakipeleka jichoni. Akamwambia wa kwenye simu kwamba atampigia baadaye.

"Hiki sasa," alisema taratibu. "Hiki ndicho kitu. Unaona, shemeji? Nilikuwa nakwambia hukunielewa. Vile vingine vilikuwa takataka."

Bi Lenzi aliusubiri utamu upande. Alikuwa ameshayapanga maneno: atakigeuza kidirisha, amwonyeshe namba iliyochongwa chini, amsomee na tarehe aliyokirudisha. Lakini miaka ishirini na miwili ya ufundi ilikuwa haijamtoka, na jicho lake likaona kitu kabla ulimi haujafunguka. Mkaguzi, kwa ajili ya simu ile, alikuwa ametumia jicho la kushoto. Siku zote alitumia la kulia.

"Hebu tazama na la kulia," alisema.

Mkaguzi akahamisha kamera. Akakunja uso. Akazungusha kigurudumu. "Kinaingia ukungu," alisema. "Tayari? Si umesema kimefika jana?"

Bi Lenzi akazunguka kaunta, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja. Akamfunika jicho la kushoto kwa kiganja chake, akamgeuza kuelekea kalenda kubwa ya ukutani.

"Nisomee tarehe ya leo."

"Tarehe gani?"

"Pale ukutani."

Mkaguzi alinyoosha shingo mbele. Bi Lenzi alizisikia pumzi zake kwenye kiganja. "Pale kuna nini?" aliuliza hatimaye, na sauti yake haikuwa ya mkaguzi wa kitu chochote.

"Vidirisha vyote ni vizima, shemeji. Ni jicho."

Angeweza kulisema kwa upole, ila upole hakuwa na mazoea nao. Mkaguzi akaung'oa mkono ule usoni pake. Alisema amekagua shule miaka thelathini na mmoja, ameona nyufa za misingi ambazo wahandisi hawakuziona, na hatasomeshwa macho na muuza mikanda. Akakusanya kamera yake, akapiga bega kwenye mlango wakati wa kutoka.

Siku nne zikapita. Mdogo wake akamwambia kwenye simu kwamba Mkaguzi amepata duka jingine upande wa pili wa mji, ameagiza kidirisha cha tano, na hospitali hataki kuisikia. Anasema dada mtu amekasirika kwa sababu ya bidhaa kurudishwa, basi anatafuta pa kumchoma.

Jumapili asubuhi Bi Lenzi alikwenda kwao. Alimkuta sebuleni, lenzi zimepangwa juu ya taulo, kila moja na kifuniko chake. Mdogo wake alikuwa anakunja nguo kwenye kiti cha pembeni.

"Kile kidirisha cha mabingwa," Bi Lenzi alisema hata kabla hajaketi, "ndicho kile cha kwanza ulichokirudisha. Nilibadilisha boksi."

Mkaguzi alimtazama. "Kwa nini?"

"Nilitaka kukucheka."

Mdogo wake aliacha kukunja nguo.

"Nilikupa kitu kile kile," Bi Lenzi aliendelea. "Kwa jicho moja ukakiita takataka, kwa jingine ukakisifu. Kama huniamini mimi, amini macho yako yenyewe, yamekataana. Na mimi niliyejidai najua, umeniambia ukungu mara tatu, na mara tatu nikakuona mjinga."

Mkaguzi alichukua lenzi moja, akaifungua kifuniko, akaifunga. "Nilidhani ni mimi peke yangu ninayekudharau, kumbe na wewe unanidharau," alisema. Akanyanyuka kwenda kutafuta viatu.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kuzungusha maneno. Aliwaeleza wote watatu kwamba ni presha ya macho. Imeubana mshipa wa jicho la kulia taratibu, bila maumivu, na jicho la kushoto likawa linaziba pengo la mwenzake, ndiyo maana mwenyewe hakujua. Kilichokwenda kimekwenda. La kushoto nalo limeanza kuliwa pembezoni, ila dawa ya matone itaushika ugonjwa usisogee, akiitumia kila siku bila kukosa.

"Mngekuja miezi minne nyuma," alisema akiandika, "la kulia tungeliokoa kiasi."

Bi Lenzi hakuhitaji kuhesabu. Miezi minne nyuma ndipo kidirisha cha kwanza kilipowekwa juu ya kaunta yake.

Mdogo wake hakumpigia simu kwa muda mrefu. Alimlaumu kwa kicheko chake, na Bi Lenzi hakumkumbusha kwamba walicheka wawili. Mkaguzi ndiye aliyerudi dukani kwanza. Hakuja kusamehe wala kuombwa radhi. Alikuja na kamera imening'inia shingoni bila mkoba, na lenzi ile ile ya kawaida iliyotoka nayo kiwandani. Alikuwa amepiga picha mia moja na kumi, na alitaka maoni ya kitaalamu.

Bi Lenzi alizipitia kwenye skrini moja baada ya nyingine. Zilikuwa mbaya. Ukuta uliolala upande, mbwa aliyekwishaondoka, mawingu yasiyo na kosa lolote ila kupigwa picha. Alimwambia hivyo, na Mkaguzi alipokea kila neno akitikisa kichwa, huku akiandika kwenye kijidaftari.

Picha moja ilikuwa ya mkewe, ameketi kwenye benchi la kliniki na chupa ya dawa mkononi. Mwanga wa dirishani ulimwangukia vizuri begani na kwenye vidole. Lakini upande mzima wa uso wake ulikuwa umebaki nje ya picha.

"Mbona hapa umemkata mkeo uso?" Bi Lenzi alisema. "Ungesogeza kamera kidogo tu."

Mkaguzi aliinama akaitazama, akaigeuza kamera huku na huku.

"Sikumkata, shemeji," alisema. "Mimi namwona hivyo."

Mteja aliingia akauliza bei ya mkanda. Bi Lenzi alimwambia asubiri. Aliiwasha mashine ya kuchapisha, akachagua karatasi nzuri, na akaitoa picha ile kama ilivyo.