Chupa Zilizolazwa

Kwa miaka ishirini na tisa Mzee Ghorofa alitengeneza lifti, na kwa miaka yote hiyo watu walimkumbuka pale tu zilipokwama. Zikipanda na kushuka vizuri, hakuna aliyejua kama yupo duniani. Jina la Ghorofa alibandikwa na mafundi wenzake kwa kumtania, maana nyumba yake mwenyewe haikuwa na ngazi hata moja: vyumba vitatu vya chini, na sebule yenye dirisha linalotazama gereji ya jirani.

Chupa ya kwanza aliipata kwa mgeni wa hoteli aliyekwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano kwa saa mbili na nusu. Kumtoa mtu aliyekwama kuna kazi yake ya mikono. Unapanda hadi chumba cha mashine, juu kabisa, unaachia breki, unazungusha gurudumu polepole mpaka sakafu ya lifti ilingane na sakafu ya jengo. Lakini kazi kubwa, Ghorofa alipenda kusema, ni ya mdomo. Kabla hajapanda alikuwa akiuweka mdomo wake kwenye ufa wa mlango na kuzungumza na aliye ndani. "Usisukume mlango. Kaa chini. Nakusikia. Mimi nipo."

Yule mgeni alipotoka, shati limemganda mgongoni, alikwenda chumbani kwake akarudi na chupa. Ilikuwa wiski ya mahindi, ile inayoitwa bourbon, rangi yake kama chai iliyokolea. Alimkabidhi pamoja na agizo moja: mvinyo hulala, wiski husimama. Ukiilaza, ukali wake unakitafuna kizibo.

Ndivyo ulivyoanza ugonjwa wake, kama mkewe alivyouita. Mwenzake wa kazini akisafiri, Ghorofa alimwagiza chupa. Hoteli ikifunga baa, alikuwa wa kwanza kuuliza. Zikafika ishirini na sita, zimesimama juu ya kabati la sebuleni kama wanafunzi mstarini, na hakuna mbili zilizofanana. Mlevi hakuwa. Jumamosi baada ya chakula cha mchana alimimina kina cha kidole kimoja, akainywa kwa nusu saa. Mkewe, ambaye hakuonja pombe maisha yake yote, alinusa tu, na pua yake ilikuwa na maneno mengi kuliko ulimi wa mumewe.

"Hii ni ngozi ya viatu vipya," alisema. Au, "Hii ni ganda la chungwa lililosahauliwa juani."

Chupa zilipewa majina. Kulikuwa na Mnene, na Kofia Nyekundu iliyofungwa kwa nta, na Mwalimu Mkuu iliyochapa koo bila kuuliza kosa. Kulikuwa na Mama Mkwe, iliyochanganywa na ngano, laini inapoingia, makali yake ukayajua baadaye. Fundi wa gereji alizitazama siku moja akatikisa kichwa. "Mahindi tunayajua sote, mzee. Ila haya yamesoma ng'ambo."

Ile ya mgeni haikupewa jina wala haikufunguliwa. Mume na mke walikubaliana: itafunguliwa siku binti yao, mtoto wao wa pekee, atakapowaletea mjukuu. Mke akafariki kabla. Binti akaolewa na seremala mrefu, mpole, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, na mwaka wa tatu wa ndoa akapata mimba. Mimba ilipofika miezi mitano, Ghorofa aliinama asubuhi moja kufunga kamba za viatu, na hakuinuka.

Kiharusi kilichukua upande wa kulia na maneno yote. Alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, na akifungua mdomo ilitoka sauti moja ndefu kama mlango wenye kutu. Walimpa penseli katika mkono wa kushoto; herufi zenyewe zilikuwa zimemhama, akachora mikwaruzo kama ya kuku. "Anaelewa zaidi ya mnavyodhani," daktari aliwaambia. Waliishika kauli hiyo kwa wiki moja. Baada ya hapo wakaanza kumzungumzia mbele yake kama mtu anavyozungumzia hali ya hewa.

Mwenzake mmoja wa kazini alikuja kumwona. "Ghorofa, umekwama kati ya nne na tano, eh? Vumilia, fundi yuko njiani." Walicheka, na yeye alicheka kwa nusu ya mdomo. Yule alipoondoka, Ghorofa alikaa akiwaza kwamba huko juu, kwenye gurudumu, hakuna mtu.

Dada yake mkubwa alihamia kumuuguza, mwanamke wa kauli fupi na mikono isiyochoka. Kumbeba kulimshinda, kwa hiyo kila jioni Randa alipita akitoka kazini, akamnyanyua baba mkwe wake kama mbao ya thamani, akampeleka bafuni, akamwogesha bila kumtazama usoni, ili asimwaibishe. Kwa sababu ya mikono hiyo Ghorofa alimpenda, wala hakuwa na njia ya kumwambia.

Nayo mikono hiyo ndiyo iliyotengeneza rafu.

Randa aliwahi kutengeneza milango ya hoteli moja, na katika chumba cha kulia aliona chupa zimelazwa kwenye matundu ya mbao, shingo nje, kila moja na kitanda chake. Ilimkaa kichwani. Sasa alitaka kumpa baba mkwe kitu cha kutazama badala ya ukuta. Alifanya kazi wiki tatu kwa mbao nyekundu ngumu, matundu ishirini na sita, kila moja limepigwa msasa mpaka likawa laini kama shavu. Viungo vyote viliumana bila msumari. Jumapili aliileta na kuifunga ukutani kwa skrubu nne, mbele kabisa ya kiti cha magurudumu cha mgonjwa.

"Mbona unazilaza?" shangazi aliuliza, kwa maana hivyo ndivyo Randa na mkewe walivyomwita.

"Chupa za heshima hulala, shangazi. Zinazosimama ni za mafuta ya kula."

Akaichukua kwanza ile ya mgeni, akaipangusa kwa kifua cha shati lake, akailaza katikati. Ghorofa akapiga ile sauti yake.

"Umeona? Kafurahi," shangazi alisema.

Alipiga tena. Mkono wa kushoto ukanyooka kuelekea chupa, vidole vimetanuka, na machozi yakamtoka, kwa sababu tangu kiharusi machozi yalitoka yenyewe. Binti akainama na tumbo lake akamfuta. "Baba jamani. Nawe mume wangu, umemliza mzee wa watu." Randa akageuka upande, akijifanya anakaza skrubu ambayo ilikuwa imekaza.

Mkewe angekuwa hai, kosa lile lingeonekana kabla ya tundu la kwanza kutobolewa. Lakini siri ya vizibo walikuwa nayo wawili, na mmoja alikuwa kaburini, na mwingine alikuwa pale.

Kesho yake, shangazi akiwa jikoni, Ghorofa alijisukuma kwa mguu mmoja mpaka ukutani. Ilimchukua muda wa kuchemsha sufuria ya maji. Akaishika ile ya katikati kwa shingo, akaivuta, akaisimamisha sakafuni katikati ya miguu yake. Alikuwa akihema kama aliyepanda ghorofa kumi.

"Kaka!" Shangazi alisimama mlangoni na mwiko. "Umri huu ndio unaanza wizi? Daktari kasema hata tone, hapana." Alicheka, si kwa ubaya, akairudisha chupa kitandani mwake. Kisha akakivuta kiti hatua mbili nyuma na kukifunga breki upande wa kulia, upande ambao mkono wake ulikuwa umekufa.

Kwa hiyo alitazama. Chupa zenye vifuniko vya kuzungusha hazikumpa wasiwasi, zilikuwa sita. Nyingine zote zilizibwa kwa gome la mti, na ile ya mgeni gome lake lilikuwa na umri wa binti yake. Wiki ya nne aliona shingo yake inang'aa. Wiki ya tano kitone kilijikusanya mdomoni, kikakaa, kikatiririka kwenye mbao, na pombe ikakauka kabla haijafika sakafuni. Mbao nyekundu ilificha doa. Alijifunza kuhesabu: kati ya tone na tone, gereji ilipiga nyundo mara mia mbili hivi. Mimba ilikuwa imebakiza wiki tisa.

Sebule ikaanza kunukia. Vanila, mbao iliyoungua, na kwa mbali ganda la chungwa. Alasiri moja harufu ile ilikuwa nzito kiasi kwamba aligeuza kichwa kumtafuta mkewe, apate kumwambia ni nini kingine kilichomo.

"Nyumba hii inanuka baa," shangazi alisema. Alikwenda kwenye rafu, akaiinua ile chupa kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi nyembamba iliyofunga kizibo ilikuwa imelowa na kubanduka. Kwa macho yake, ilikuwa imebanduliwa. Na ndani palipungua kwa vidole vinne.

Jioni ile alimsubiri Randa sebuleni, binti naye amekaa, miguu imemvimba.

"Fundi, hii chupa inakwenda wapi?"

Randa aliitazama. "Sijui, shangazi. Mimi sinywi."

"Mimi sinywi. Mkeo hanywi. Huyu nimemfungia breki. Basi tuna panya mwenye kizibuo."

"Shangazi, nakuja hapa kumwogesha baba."

"Na mlango unaufunga."

Randa alimtazama mkewe, apate neno moja tu. Mkewe alikuwa anatazama karatasi ile iliyobanduka, ambayo mama yake aliwahi kumwonyesha akiwa mdogo na kumwambia asiiguse kamwe.

Ghorofa akapiga sauti yake. Aliipiga kwa nguvu zake zote, mpaka mshipa wa shingo ukasimama, akiitupa upande wa rafu, upande wa shangazi, upande wa dari.

"Unaona?" shangazi alisema kwa upole. "Hata yeye inamuuma."

Randa alimwogesha siku ile kama kawaida, taratibu, hata katikati ya vidole. Alipomrudisha kitini alikaa chini kidogo, wakalingana macho. "Baba, sikunywa," alisema. Ghorofa alitikisa kichwa. Alikusudia kukitikisa kwa kukubali, lakini tangu kiharusi kichwa nacho kilikwenda kilikotaka, kikaenda kulia na kushoto. Randa aliinuka. Kesho yake shangazi akamwomba fundi wa gereji aje kusaidia kuogesha. Mikono yake ilikuwa na nguvu na haraka, na ilinuka grisi.

Mjukuu alizaliwa siku ya Jumatano, msichana. Jumamosi mchana wakamleta, amefungwa blanketi la njano. Wakamweka mapajani mwa babu, upande wa kushoto, na alikuwa mzito na wa moto. Randa alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita.

"Mama alisema ifunguliwe siku kama ya leo," binti alisema. "Chochote kilichobaki."

Shangazi akaleta glasi. "Mpe mumeo mwenyewe aifungue. Anajua njia."

Randa aliichukua chupa. Haikufika nusu. Akakishika kizibo kwa vidole viwili na kuvuta, na kizibo kikakatika kama mkate wa juzi. Kipande kikabaki mkononi, kingine kikaangukia ndani, kikaelea vipande vipande. Shangazi akaguna. Randa hakumsikia. Alikuwa anakisugua kile kipande kati ya kidole na dole gumba, jinsi anavyosugua ubao anaoushuku. Akakinusa. Akaenda kwenye rafu, akapitisha kidole chini ya mdomo wa lile tundu la katikati, akakilamba. Akapitisha chini ya la pili. La tatu. Akaivuta Mnene, akakibonyeza kizibo chake kwa ukucha, ukucha ukazama.

"Hakuna aliyekunywa," alisema. "Gome limeoza. Pombe imelila." Akayatazama matundu. "Ni mimi. Nimezilaza."

Shangazi akaziweka glasi chini, akakaa. Binti aliondoka alipokuwa, akamshika mumewe kiwiko, na yeye akakiacha kiwiko kishikwe, lakini hakugeuka. Alikuwa anamtazama mzee. Ghorofa aliona jinsi kijana anavyorudi nyuma kwa mawazo siku kwa siku: mkono ulionyooka siku ya rafu, chupa iliyosimamishwa sakafuni, kama shangazi alivyomsimulia, ile sauti. Aliona kila siku ikimfikia usoni. Miezi mitatu alikuwa ameomba mtu aone. Sasa angetoa mkono wake mzima ili kijana huyu asione.

Waliichuja kwa chujio la chai. Binti alichovya kidole akampaka baba yake midomoni, na shangazi hakukataza. Palikuwa na vumbi, na mbao, na ukali uliobaki bila utamu wake. Binti akaipeleka glasi puani pa baba yake pia, akaishikilia hivyo muda mrefu.

Kisha binti akamchukua mtoto, na Randa akaja kukifungua kiti breki. Akakisogeza karibu na rafu, labda ili mzee azitazame chupa zake kwa karibu mara ya mwisho zikiwa vile. Ghorofa akanyoosha mkono wa kushoto. Hakugusa chupa. Aligusa mbao, akapitisha vidole kwenye kiungo kimoja, pale pande mbili zinapoumana bila msumari na ukucha haupati pa kuingia. Hakuna mtu aliyewahi kumtengenezea kitu kama kile. Akapapasa tena, taratibu, akamtazama kijana.

"Najua, baba," Randa alisema. "Nimeona."

Akatoa bisibisi mfukoni. Chupa akazishusha moja moja, akazisimamisha sakafuni, kisha akaanza skrubu ya kwanza. Ghorofa akaushika ubao. Aliushika kwa vidole vyote vitano alivyobakiwa navyo, akapiga sauti yake, na mtoto akaanza kulia.

"Achia, baba," Randa alimwambia, akivibandua vidole kimoja kimoja, kwa upole uleule wa bafuni. "Naitoa sasa hivi."