Bei ya Punda Kwenye Mchanga Mkavu

Kuna watu wa Busi ambao mpaka leo wakiniona hawanisalimii kwanza, wanacheka kwanza, halafu ndiyo salamu inafuata, na siwalaumu, kwa sababu mwanamume aliyefika ukweni mchana kweupe amevaa kanga ya mama asiyemjua, na mkononi kashika kiatu kimoja cha kike kinachochuruzika maji, hana haki ya kudai salamu kwa utaratibu. Niliona aibu, nakiri, na kwa kuwa habari yenyewe imeshafika Nzuguni, mtaani kwangu Dodoma, kabla yangu (ikiwa imeongezwa mamba, ambaye hakuwepo), bora niisimulie mwenyewe.

Mimi nauza viatu vya mtumba. Sokoni wananiita Baba Punguza, na jina hilo sikupewa kwa kuwapunguzia wateja. Mke wangu, Zaituni, ni muuguzi, na zahanati aliyopangiwa iko huko kwao Busi, kwa hiyo sisi ni mke na mume wa simu. Jioni nasonga ugali wa watu wawili, naandaa sahani mbili, halafu najihesabu, narudia kuhesabu, nakuta bado niko peke yangu. Naapa sijawahi kuzoea. Mto wake ukiisha harufu ya mafuta yake ya nazi, najua zimebaki wiki kama mbili hivi aje, na hizo wiki mbili ndizo ndefu kuliko zote.

Sasa, mkubwa wake wa kazi alikuwa amemwambia anataka kumkabidhi zahanati aiongoze, ila akikubali, habari ya kuomba uhamisho wa kuja Dodoma mjini asahau. Likizo ilipofika akaja Nzuguni na swali moja tu: mimi nahamia Busi, au yeye aikatae nafasi aje mjini? Mtu mwingine angejibu. Mimi nikasema, "Tutaangalia." (Ni ugonjwa wa sokoni. Ukitaja bei ya kwanza unahisi umeibiwa, hata kama unayezungumza naye ni mkeo na bidhaa yenyewe ni maisha yenu.) Nikamwambia tutaangalia wiki ya kwanza, nikamwambia tutaangalia ya pili, likizo ikaelekea ukingoni.

Jioni moja akanionyesha kwenye simu wazungu wawili, mke na mume, wanavuka milima ya Alpi huko Ulaya kwa miguu, siku nenda siku rudi, mvua inawachapa, ukungu umewafunika mpaka kofia, na wanacheka.

"Gari limewaharibikia?" nikauliza.

"Wanatembea tu," akasema. "Wapate kuwa pamoja."

Halafu akasema bibi yake alikuwa akitoka Busi kwa miguu mpaka Haneti na kapu la karanga kichwani, njia bado ipo, mvua tunayo, vilima tunavyo, sasa sisi tumekosa nini? "Mimi sirudi kwa basi. Utanisindikiza kwa miguu kutoka Haneti. Na njiani utanijibu."

Kusindikiza hakukataliwi. Mgeni tu anasindikizwa mpaka barabarani, sembuse mke. Nikakubali, na ningeishia hapo leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini usiku nikawaza: tunapita vijiji vyote hivyo, watu wote hao wana miguu, halafu mimi nipite mikono mitupu? Asubuhi Zaituni akanikuta mlangoni nafunga gunia la viatu.

"Tunakwenda kutembea au kuhamisha soko?"

"Kidogo tu," nikasema.

Ndani ya gunia mlikuwa na buti za kike za kahawia, ngozi tupu, zimetulia kama zimetoka dukani. Akazichukua, akazivaa, zikamkaa kama alipimwa. Akatembea nazo hatua chache pale sebuleni, akageuka kunitazama. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Hizo zina mteja." Hazikuwa na mteja. Zilikuwa na bei nzuri tu. Akazivua taratibu, akazirudisha kwenye gunia zikitazamana, akavaa katambuga zake za matairi, akatoka.

Tulipanda basi mpaka Haneti, kisha tukaanza kutembea. Siku ya kwanza, nawaambieni ukweli, ilikuwa tamu. Mvua ya rasharasha, udongo mwekundu unang'ang'ania miguu, mtama umesimama hadi mabegani, sisi wawili chini ya mwavuli mmoja, karanga mfukoni mwake na mkono wangu humo humo mfukoni. Alinisimulia wagonjwa wake, akaniigiza bibi mmoja anayekataa sindano mpaka aimbiwe. Kila tukipanda kilima alikuwa akinitazama, nami najua anasubiri nini, na kila mara nilisema jambo kuhusu gunia. Linakata bega. Limelowa. Tungepata punda. Tulilala kwa ndugu zake njiani, na asubuhi sikuuza hata kandambili.

Siku ya pili, jua likielekea utosini, tukafika kwenye korongo. Mnaoijua nchi yetu mnayajua haya makorongo: mwaka mzima ni mchanga, mbuzi wanalala humo, halafu siku moja ni mto. Sisi tulilikuta kavu. Ng'ambo kulikuwa na mnada, watu wanaanza kurudi na mbuzi zao na mabeseni, na katikati yao akaja mzee mmoja na punda asiye na mzigo. Moyo wangu ukaruka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo. Jina lake alisema ni Malogo. Nikamwonyesha gunia, nikamwambia Busi. Akataja bei.

Sasa mimi naijua bei ya haki nikiisikia, na ile ilikuwa bei ya haki. Hilo ndilo lililoniudhi. Nikacheka kile kicheko cha sokoni, nikaondoka hatua tatu, nikarudi. Nikamsifu punda, nikamkosoa punda. Mzee Malogo akakaa chini kabisa, akabwia ugoro, akaonekana ana siku nzima.

Zaituni akatazama kaskazini. Juu ya vilima kulikuwa kweusi ti. "Mvua inanyesha huko juu," akasema. "Mpe anachotaka, tuvuke."

"Subiri kidogo, anakaribia kushuka."

"Baba Punguza."

"Kidogo tu, mke wangu."

Akachukua mkoba wake na kimfuko cha nguo zetu, akavuka. Nilimwona anakanyaga ule mchanga mkavu, hata nyayo hazikulowa, akapanda ukingo wa pili, akakaa juu ya jiwe na kunitazama. Nikampungia mkono. Nikamgeukia mzee, na wallahi pale pale akashuka! Akapunguza! Nikampa mkono kwa furaha, na mkono wake ukaganda ndani ya wangu.

"Sikiliza," akasema.

Sauti ilikuja kama lori linalopanda mlima. Kisha maji yenyewe, mekundu, yamebeba matawi na povu na ndala ya mtu, yakapita mbele yetu yakiwa na haraka zao, na kabla sijafunga mdomo mke wangu alikuwa nchi nyingine.

Kwenye korongo lililojaa hakuna la kufanya zaidi ya kusubiri lipungue. Watu wakarundikana kila upande, wametua mabeseni, wamefunga mbuzi, na watu wanaosubiri wanahitaji cha kutazama. Wakatupata sisi. Nilimpigia simu, ikawa haishiki, nikampazia sauti, maji yakaimeza. Basi ng'ambo ya pili kulikuwa na mama mmoja mnene muuza vitumbua, Mungu alimpa koo la kuitia watu kwenye moto, akajipa kazi.

"Shemejiiii! Mkeo anauliza umekula?"

"Mwambie bado!"

"Anasema karanga anazo yeye!"

Pande zote mbili wakacheka. Nikaona Zaituni naye anacheka, amejifunika mdomo kwa mtandio, na nawaambia, kumwona mkeo anacheka mahali ambapo huwezi kumfikia, karibu kiasi cha kuona meno yake, ni maumivu ambayo sijui yanatibiwa kwa nini. Hapo nikaelewa kwamba hivi ndivyo tulivyokuwa siku zote, isipokuwa Nzuguni maji hayaonekani.

Kisha akaacha kucheka. Nilimwona anamwambia yule mama jambo, yule mama anamtazama kama kuuliza una hakika, naye anaitikia kwa kichwa.

"Shemeji! Anauliza, unahamia Busi au huhamii? Na anasema asisikie tutaangalia!"

Shingo zote zikanigeukia, hata za mbuzi. Pembeni yangu kijana mmoja wa mnada akasema, "Jibu, baba, tunakusubiri." Na jibu nilikuwa nalo, nililiona limekaa pale juu ya jiwe limevaa katambuga, lakini mdomo una mazoea yake. Nikapaza sauti:

"Mwambieeee... itategemea!"

"Aaaaa!" Pande zote mbili, kama watu wanaotazama mpira mpigaji akipaisha penalti. Mama mmoja nyuma yangu akanipiga kofi la mgongo. Mzee Malogo akatema ugoro chini, akanitazama jinsi anavyomtazama punda aliyegoma.

Zaituni akasimama. Akapangusa sketi, akatundika mkoba begani, akashika njia ya Busi, mwavuli wetu juu, bila kugeuka.

Maji yalikuwa yameanza kupungua, kiasi cha kiuno hivi. Nikamwambia mzee, "Twende! Nakupa bei yako ya kwanza!"

"Bei ya kwanza ilikuwa ya mchanga mkavu," akasema. "Na punda wangu ana akili, haingii. Na wewe subiri."

Sikusubiri. Nikavua suruali, nikaizungusha kichwani kama kilemba na simu ndani yake, nikabaki na bukta ya mtumba yenye picha za Baba Krismasi (sikujua kama kuna siku itaonwa na watu wa mnada mzima), nikabeba gunia, nikaingia. Katikati mguu ukakosa mchanga. Gunia likafunguka.

Viatu vyangu vikatoka kimoja kimoja, vikaelea, vikashika safari, raba, makubazi, viatu vya shule, jozi zimeachana, kimoja kimeshika ukingo huu na mwenzake ule, vinatembea kwa miguu isiyoonekana, na suruali yangu ikavifuata nyuma kama mchungaji. Nilijaribu kuvihesabu. Naona haya kusema, lakini ndivyo: mtu anazama, anahesabu. Halafu nikaziona buti za kahawia, nikaviacha vingine vyote, nikazirukia. Nikapata kimoja.

Walinitoa kwa kanga. Akina mama wa ng'ambo walifunga kanga tatu kwa pamoja, wakanirushia, wakanivuta kwa wimbo, kama wanavuta ndoo ya kisima. Muuza vitumbua akanipa moja nijisitiri (yenye maandishi ambayo sitayarudia) na kitumbua kimoja, akasema, "Kimbia, shemeji. Hapo usiombe kupunguziwa."

Nikakimbia. Nyayo za katambuga zilikuwa mbele yangu kwenye tope, michirizi ya tairi safi kabisa, na kila nilipoanza kuamini namkaribia, mvua ikawa inazifuta. Nilimwita. Nilipita mashamba ya alizeti namwita, kwa jina, sauti yote, mimi ambaye kwenye simu nilikuwa nasema "haya, baadaye" ili salio lisiishe.

Njiani nilimkosa, nikamkuta Busi, ameshafika kwao. Na nilichokuta uani ni baba mkwe na wageni wake waliotoka mnadani, na mama mkwe anatoka jikoni na chai. Mnajua mkwe wa kiume na mama mkwe wanavyostahiana, hata njiani mnapishana kwa mbali. Mama wa watu akaona Baba Krismasi kupitia mpasuo wa kanga, akageukia ukutani na birika lake, akabaki hivyo. Mimi nikajitupa nyuma ya kihenge cha mtama.

"Shikamoo baba," nikasema kutoka huko.

"Marahaba mwanangu. Njoo tukuone."

"Siwezi, baba."

"Unaumwa?"

"Hapana, baba. Nimemsindikiza Zaituni."

Nikawasikia wageni wanavyokohoa, watu wazima, wanakohoa mpaka machozi.

Zaituni akaja nyuma ya kihenge na suruali ya baba yake. Akanitazama kuanzia juu, akafika kwenye kile kiatu, akakaa hapo. Nikamwambia, "Nahamia." Macho yake yakabaki kwenye kiatu. Nikasema, "Nahamia Busi, meza ya sokoni nampa atakayeitaka, sina sharti hata moja. Na hizi hazikuwa na mteja."

Akanipa suruali. Akaniangalia usoni muda mrefu, mpaka nikasikia matone yanadondoka kutoka kwenye paa la kihenge.

"Tutaangalia," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake nilirudi kwa basi, na suruali inayoishia juu ya vifundo vya miguu. Tangu hapo, kila wingu likisimama upande wa kaskazini najikuta nimesimama nalo, na wateja wangu wamegundua kwamba wakitaja bei yoyote naitikia tu, wengine wameanza kunihurumia wanaongeza. Jioni naendelea kuandaa sahani mbili. Simu yake ikiita (nilinunua nyingine, ile ilikwenda na suruali) hazungumzii jambo lile, nami siulizi, namuuliza yule bibi wa sindano kama bado anaimbiwa.

Juzi mvua zilipokatika, ikaingia picha. Kiatu kimoja cha kahawia, cha kushoto, kimekauka na kupinda kidogo, kimewekwa dirishani pa zahanati. Mchungaji mmoja wa mbuzi alikiokota chini huko, akakileta kwa nesi. Chini ya picha Zaituni aliandika: "Korongo limekauka. Hiki hakina mteja."

Cha kulia ninacho mimi, nimekipaka mafuta kila siku. Meza nimeshaiachia. Naondoka Jumamosi kwa miguu kutoka Haneti, bila gunia, na nikimkuta Mzee Malogo nitampanda punda wake kwa bei atakayotaja, hata nikiwa sina mzigo, na sitafungua mdomo mpaka niwe ng'ambo.