Majina Niliyoyaandika Mwenyewe

Nilikuwa mwalimu wa shule ya serikali ya Mdachi, karibu na boma la Dodoma. Ilianza na chumba kimoja. Bwana shauri, mkuu wa boma, akataka iwe na matawi vijijini, akanituma nikayafungue: la kwanza Mkonze, la pili Nzuguni.

Watu wa Mkonze hawakutaka. Nani angechunga ng'ombe? Nilipita tembe kwa tembe nikiahidi jambo ambalo bwana shauri aliniambia kwa kinywa chake: kijana wa shule hatachukuliwa kubeba mizigo ya serikali. Mzee mmoja alinikazia macho.

"Mwalimu, unaapa?"

"Naapa, mzee."

Akanipa wanawe wawili, wote aliokuwa nao. Wengine wakamfuata, tawi likajaa hata tukajenga darasa la pili. Nilijivuna, sifichi.

Vita vya Mdachi na Mwingereza vilipoanza, bwana shauri akaniita. "Lete madaftari ya mahudhurio."

Nilimpelekea bila kuuliza. Kesho yake askari walinifuata Mkonze na daftari langu mkononi, wakaniamuru niite majina. Niliyaita. Kila kijana alisimama wima, akaitika "Hapa!" kama nilivyomfundisha, kisha akafungwa kamba na mwenzake. Waliondoka na masanduku ya risasi vichwani.

Mpaka leo damu inanichemka. Kwa bunduki wangewasaka porini wasiwapate. Wakawapata kwa shule, wamekaa kwenye mistari, wananisikiliza mimi. Na mimi nikasoma hadi jina la mwisho!

Siku hiyo hiyo nilikwenda Nzuguni kwa miguu, karibu mbio. "Wapelekeni ng'ombe wenu mbali," niliwaambia vijana. "Msirudi mpaka baba zenu wawaite."

Askari walipofika walikuta darasa tupu. Nililazwa kifudifudi mbele ya boma, nikachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Sikulia. Hasira ilikuwa imenijaa mno.

Katika wana wawili wa yule mzee wa Mkonze, alirudi mdogo peke yake, vidole vya miguu vimeoza. Nilikwenda kwa baba yao kumwomba radhi. Bwana shauri hakumwomba mtu.

"Shikamoo, mzee."

Aliendelea kukamua ng'ombe.

"Simama huko huko nje," alisema baadaye. "Mama yao asikuone."

Nilisimama juani mpaka alipomaliza. Akabeba maziwa, akaingia ndani. Hakutoka tena.