Nafuu Ipi?

Mama yangu hajawahi kujibu vibaya anapoulizwa hali. Upepo ulipoezua nyumba yetu kule Mbozi, jirani alipita akauliza habari, na mama akajibu "Salama tu" huku ameshikilia bati lisiruke. Ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa kuhusu mgonjwa unasema "ana nafuu," hata kama amezimia. Ukisema vinginevyo unaambiwa acha uchuro.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Kazi yangu ni miguu: kutembea kando ya foleni ya malori, kumtafuta dereva mwenye karatasi pungufu, kurudi dirishani, kugombana. Kugombana nakuweza. Siku moja dereva wa Kizambia akanipigia kelele, akiniita mama kwa Kibemba, "Bamayo! Bamayo! Ndala!" Nikageuka. Ndala yangu ya kushoto ilikuwa imebaki nyuma kabisa, na mguu haukunipa taarifa. Nikacheka pamoja na madereva. Jioni nikajifungia chooni nikalia.

Nilizungushwa sana, hadi hospitali moja kubwa, mbali na kwetu, ikaupa ugonjwa jina: multipo sklerosisi. Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu mwenyewe inatafuna ganda la mishipa ya fahamu, kwa hiyo ujumbe unachelewa njiani au haufiki. Nikaanzishiwa sindano za kujichoma mwenyewe pajani. Haziponyi, alisema, kazi yake ni kuzuia nisizidi kuharibika, maana kilichoharibika mara nyingi hakirudi.

Kila tuliporudi kliniki mama alinisindikiza, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Daktari akiuliza tunaonaje tangu tumeanza dawa, mama alikuwa ameshajibu: "Ana nafuu, daktari, tunamshukuru Mungu." Nami naitikia. Utambishiaje mama yako mzazi mbele ya mtu? Tunapewa sindano zilezile, tunarudi nyumbani.

Safari ya mwisho tukakuta daktari mgeni, binti mdogo tu. Akamwamkia mama vizuri, akasikiliza nafuu yetu, kisha akauliza, "Nafuu ipi, mama?"

Jamani! Hakuna aliyewahi kutuuliza nafuu ipi. Mama akabaki anakunjakunja ncha ya kitenge.

Yule binti akanitembeza kwenye korido huku ameshika saa. Akanipa ubao wenye matundu, nichomeke vijiti kwa mkono mmoja mmoja. Wa kushoto vikanidondoka hadi nikavitukana. Akagonga uma wa chuma wa kupimia hisia, ukalia, akaugusisha kwenye kidole gumba cha mguu wangu. "Niambie uma ukiacha kutetemeka."

"Kwani umeanza?" nikamuuliza.

Hakucheka. Mwishowe wakanibandika nyaya kisogoni, wakanifunika jicho moja, nikatazama skrini ya miraba myeusi na myeupe inayopokezana, wapime ujumbe unachukua muda gani kutoka jichoni hadi kwenye ubongo.

Ujumbe wa jicho la kulia ulikuwa unachelewa kuliko kwenye kipimo cha kabla ya dawa, tena kwa mbali. Mguu na mkono navyo vilikuwa vimerudi nyuma. "Dawa hii haijakuzuilia kitu, dada," alisema. "Tutabadilisha. Tungejua mapema tungebadilisha mapema."

Tulipofika kwenye benchi la nje nililipuka. "Mama, nafuu yako imenila jicho! Umeona raha sasa?" Watu wakageuka. Sikujali nani ananitazama.

Nilingoja anikaripie. Akaweka mikono mapajani.

"Nilikuwa naona, mwanangu," akasema.

"Unaona nini?"

"Asubuhi ukinimiminia chai, birika linaenda pembeni. Huwa nasogeza kikombe."

Mama hakujua, na sikuwahi kumwambia mtu, kwamba mimi nilijipimia kwenye chai hiyo. Kila asubuhi ilipoingia kikombeni bila kumwagika, nilijiambia moyoni: dawa inafanya kazi.