Kwale wetu hakunyamaza

Wakuu, salamu. Sina picha wala shahidi wa stori hii, ila niliishi kila neno lake. Ndugu zangu hawajawahi kuisikia.

Kwetu ni milimani juu ya Mboko, kule Fizi. Miaka ya vita nilikuwa binti mkubwa, namsaidia baba kutega kwale.

Kwale ni ndege wa chini. Anataga kwenye nyasi, na haruki mpaka ukaribie kumkanyaga. Asubuhi dume analia kutangaza eneo lake. Akisikia dume mgeni, anakuja mbio kupigana.

Ndiyo maana baba alifuga dume mmoja kwenye tenga. Tunamweka porini, analia, wenzake wanakuja na hasira zao, wananasa kwenye vitanzi.
(Ujinga wa madume, mtanisamehe.)

Siku tunakimbilia msituni, baba aliniambia nimchinje, asije akatupigia kelele mafichoni.

Sikuweza. Nilimlea tangu kifaranga. Nikamwachia pembeni ya shamba letu la muhogo, nikarudi nikasema nimemchinja, mbwa kamnyakua. Baba alinifokea, yakaisha.

Mafichoni tuliishi kwa masikio ya baba. Kwale wa porini akisikia hatua za watu, kimya. Wakilia shambani, njia ni salama, baba anashuka kuchimba muhogo. Wakinyamaza, tunalala njaa.

Asubuhi moja, baada ya siku mbili za kimya, akalia mmoja.

"Musikie, kwale iko nalia," baba akasema. "Njia iko muzuri. Mi nashuka."

Mama akamshika mkono. "Ngoja kidogo, Baba Asende. Iko moja tu."

"Batoto iko na njala, mama."

Wakuu, niliitambua ile sauti. Ilikuwa na mkwaruzo mwishoni. Ni yule wetu, aliyezoea watu, hanyamazi hata jeshi zima lipite.

Nilifungua mdomo. Nikaona aibu ya uongo wangu. Nikajiambia labda na wengine wapo karibu, wamechelewa tu kuitikia.

Baba akashuka na jembe lake.

Tulisikia risasi mbili. Kwale alinyamaza kidogo, halafu akaendelea kulia.

Nilichojifunza: uongo mdogo usahihishe mapema, hata kama utachapwa. Fimbo ya baba ningeipona.

Mama yuko hai, anakaa Baraka. Mpaka leo hali kwale, anasema walimdanganya mume wake.

Ninyi mngekuwa mimi, mngemwambia? Au mngeacha aendelee kuwalaumu ndege?